Watano Walikuja, Mmoja Akabaki

  

Leo twaomba mfuatane nasi mpaka Tudor, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Mombasa. Tuziache nyuma kelele za matatu, tuwapite wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufundi wenye haraka ya kwenda darasani, tushuke mpaka penye mikoko. Maji yakipwa, hapa huonekana tope jeusi na kaa wakikimbilia mashimo yao. Yakijaa, mitumbwi ya wavuvi huelea mahali palepale palipokuwa tope. Maji haya si bahari kuu. Ni mkono wa bahari unaokizunguka kisiwa, ukaingia bara, ukagawanyika kati ya mikoko, hata ukafika karibu na vilima vya Rabai na Ribe. Siku hizi mtu akitaka kwenda Rabai hupanda gari, akapita Makupa, akafika Mazeras, akapinda. Lakini zamani, kabla ya barabara na kabla ya reli, njia ya kwenda kule ilikuwa ni haya maji ya Tudor. Abiria alipanda mashua kisiwani, akasubiri maji yajae, akapelekwa mpaka maji yanapokwisha, kisha akapanda kilima kwa miguu.

Kwa nini tumewaleta hapa? Ni kwa sababu ya swali ambalo vijana wengi hutuuliza. Mmoja alilisema hivi: “Ushirika wetu wataka kutupeleka nchi ya kigeni kwa wiki tatu, tukamtumikie Mungu huko. Wiki tatu zitafaa nini? Je, hatutakuwa tumekwenda kuwasumbua wenyeji, tukarudi na picha?” Na wako pia wanaouliza kinyume chake: wageni wanaokuja kwetu Pwani kutoka Ulaya na Marekani, wakakaa siku kumi na nne, wakacheza na watoto wetu, wakaondoka, wao walitufaa nini hasa?

Swali hili ni zuri, tena lina uchungu ndani yake. Hatutaki kulijibu kwa haraka. Tunataka kwanza kuwasimulia habari za watu waliopita juu ya maji haya.

Mwaka 1862 walifika Mombasa watu watano kutoka Ulaya. Kiongozi wao alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani mwenye miaka 52, ambaye mji huu aliufahamu vizuri tangu zamani. Pamoja naye walikuwapo Waingereza wawili, Thomas Wakefield na James Woolner, na vijana wawili kutoka Uswisi, Elliker na Graf, waliokuwa wamefundishwa katika shule ya St. Chrischona karibu na Basel. Waliotuma safari hii walikuwa Wamethodisti wa Uingereza, wa lile tawi lililoitwa Makanisa Huru ya Muungano ya Methodisti.

Jinsi safari yenyewe ilivyoanza ni jambo la kupendeza. Krapf alikuwa amechapisha kitabu cha safari zake katika Afrika ya Mashariki, nacho kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1860. Mtu mmoja wa kule Lancashire, jina lake Charles Cheetham, alikisoma. Hakuwa mmisionari, alikuwa mkristo wa kawaida mwenye shughuli zake. Alipokwisha kusoma alimwandikia mwandishi barua, akamwuliza kama kanisa dogo kama lao lingeweza kufanya kazi katika nchi ile. Krapf akajibu kwamba yuko tayari kuwaonyesha njia yeye mwenyewe, kisha arudi kwao. Basi, kwa Krapf safari hii tangu mwanzo ilikuwa ya muda mfupi. Hakuja kukaa. Alikuja kuwafikisha wengine.

Twaomba mlishike hilo neno la kuwafikisha wengine, kwa maana tutalirudia.

Lakini kabla ya kuendelea na wale watano yatupasa turudi nyuma miaka kumi na minane, tueleze Krapf aliijuaje Mombasa. Alifika Unguja mwezi wa Januari 1844, akapewa barua ya kibali na Sayyid Said, na mwezi wa Mei akaja kukaa Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Mama huyu alikuwa mja mzito. Mwezi wa Julai homa iliwashika wote wawili. Rosine akajifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye, tarehe 13 Julai, akafa. Mtoto naye akamfuata mama yake baada ya siku kama mbili. Krapf mwenyewe alikuwa amelala hoi kwa homa, hata hakujua kama yeye atapona. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na hata leo mtu aweza kwenda kulizuru kaburi lile.

Ndugu zetu, hesabuni pamoja nasi. Mei, Juni, Julai. Rosine Krapf alikaa Mombasa kama miezi miwili. Kama kuna mtu aliyefanya utume wa muda mfupi hapa kwetu, ni yeye, wala hakupewa nafasi ya kuchagua siku ya kurudi. Hakufundisha darasa lo lote hapa, wala hakujenga nyumba. Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni dalili ya vita kuanza, si mwisho wake, naye akawataka walete watu zaidi. Maneno hayo yamerudiwa sana makanisani. Sisi, tukisema kweli, kila tukiyasikia twakumbuka kwanza yule mama na mtoto wake, na twaona si vizuri kuharakisha kufika kwenye ushindi kabla ya kulia kidogo.

Katika miezi ileile ya msiba Krapf alikuwa amekwisha kuanza kazi ya lugha. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Na nani alimsaidia? Alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin, mwanachuoni wa Kiislamu. Jambo hili husahauliwa, nasi twataka likumbukwe. Mgeni alikuja na dini yake, na mwenyeji mwenye dini nyingine akakaa naye akamfundisha maneno. Bila ya subira ya Waswahili wa mji huu, kazi ya Krapf isingetoka. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Tarehe 10 Juni 1846 alifika mwenziwe, Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wote wawili wakahamia Rabai, baada ya wazee wa Rabai kukubali kuwapokea. Angalieni tena: ni wazee waliokubali. Kaya ya Rabai ilikuwa na wenyewe, na mambo yake, na heshima yake, nayo hata leo imo katika orodha ya kaya za Wamijikenda zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 2008. Wageni wale hawakuwa na jeshi wala serikali nyuma yao. Kama wazee wangalisema hapana, wangalirudi walikotoka kwa mashua ileile.

Mwaka 1853 Krapf aliondoka Mombasa kwa ajili ya afya yake. Rebmann akabaki.

Sasa turudi kwa wale watano wa 1862. Walikuja na matumaini makubwa mno. Krapf alikuwa na ndoto aliyokaa nayo miaka mingi: vituo vya misheni vifuatane kama mnyororo, kuanzia pwani hii mpaka upande wa pili wa Afrika. Tena shauku yake kubwa ilikuwa kuwafikia Waoromo, ambao vitabu vya siku zile viliwaita kwa jina wasilolipenda. Kwa hiyo Wamethodisti nao wakachukua shauku hiyo. Katika ramani yote yalionekana karibu.

Homa haikutazama ramani. Siku zile hakuna mtu aliyejua kwamba mbu ndiye aletaye malaria. Hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897, miaka thelathini na mitano baadaye. Watu walidhani homa yatokana na hewa mbaya ya mabwawa, na jina lenyewe la malaria maana yake ni hewa mbaya. Basi walijihadhari na upepo, na huku mbu wa mikoko waliwauma usiku kucha. Mfereji wa Suez pia ulikuwa haujafunguliwa, nao ulifunguliwa mwaka 1869, kwa hiyo mgonjwa aliyeandika barua ya kuomba shauri kwao aliweza kupona au kufa kabla jibu halijaja.

Wale vijana wawili wa Uswisi hawakukaa, walirudi kwao upesi. Woolner aliugua, akarudishwa Uingereza. Krapf naye afya yake ilianguka, na kabla ya mwaka ule kwisha akaondoka. Katika watu watano akabaki mmoja, Thomas Wakefield, kijana wa miaka 25 hivi, juu ya kilima cha Ribe, mahali alipochaguliwa na Krapf kuwa pa kuanzia.

Tutasema nini juu ya safari ile? Karani wa hesabu angesema imeshindwa. Watu watano, gharama kubwa, na baada ya miezi michache wanne hawapo. Hata sisi, tulipoisoma habari hii mara ya kwanza, tuliona hivyo. Na kusema kweli makosa yalikuwapo. Vijana wale waliletwa kwenye kazi ngumu bila ya matayarisho ya kutosha, na ndoto ya mnyororo ilikuwa kubwa kuliko miguu ya watu waliopewa kuibeba. Krapf alikuwa mtu wa kuona mbali, na watu wa namna hiyo wakati mwingine hawaoni jiwe lililo mbele ya kidole.

Lakini Krapf alipokuja mara ile ya pili, alikuja na vitu vitatu ambavyo mgeni wa muda mfupi huwa hana. Alikuwa na lugha. Alikuwa na watu, kwa maana wazee wa Rabai walimjua, na Rebmann alikuwa bado yuko palepale. Tena alikuwa na mtu wa kumkabidhi. Hakuja ili yeye aonekane amefanya kazi. Alimtembeza Wakefield, akamtafutia mahali pa kukaa, akaondoka. Miezi ile michache ilisimama juu ya miaka tisa aliyokwisha kukaa zamani, na kaburi lililokuwa Nyali. Mtu akisema safari ya Krapf ya 1862 ilikuwa fupi, atakuwa amesema nusu ya habari.

Na huyo Wakefield alikaa robo ya karne. Mwaka 1863 aliongezewa mwenziwe, Charles New, ambaye mwaka 1871 alipanda Kilimanjaro mpaka penye theluji, na ambaye alikufa mwaka 1875 akirudi kutoka Uchagga. Wakefield alijifunza njia za misafara ya bara bila ya kuzitembea mwenyewe. Alikaa akamsikiliza kiongozi wa misafara, Sadi bin Ahedi, akaandika aliyoambiwa, na habari hizo zikachapishwa London mwaka 1870. Mkewe, Rebecca, aliyekuja mwaka 1870, alifariki Ribe mwaka 1873. Mwaka 1886 wamisionari wengine wa kanisa hilohilo, John Houghton na mkewe Annie, waliuawa Golbanti, kwenye Mto Tana, wakati Wamaasai waliposhambulia, nao walikuwa bado wageni nchini. Kanisa la Methodisti la Kenya huhesabu mwanzo wake kuwa ni ule mwaka wa 1862, nalo lilitimiza miaka 150 mwaka 2012. Aliyebaki mmoja alitosha kuanzia hesabu.

Hapa yatubidi tuseme habari yetu wenyewe, ingawa haitupendezi sana.

Miaka kadhaa iliyopita sisi, watu kumi na wanne wa hapa Mombasa, tulifanya safari ya utume ya siku kumi na mbili katika nchi ya jirani. Tulivuka mpaka pale Lunga Lunga, tukapanda basi, tukafika kijiji ambacho jina lake hatutalitaja. Lugha haikuwa shida, maana Kiswahili ni chetu sote, nasi tulijiona bora kuliko Wazungu kwa ajili hiyo. Tulihubiri jioni, mchana tukapaka rangi darasa, tukafundisha nyimbo. Tuliporudi tuliandika taarifa, na ndani yake tukaandika kwamba tulipokewa vizuri na kulala vizuri.

Baada ya mwaka mmoja mwenzetu mmoja alipita kijiji kile kwa shughuli zake, akakaribishwa chai. Ndipo aliposikia yale tusiyoandika. Magodoro tuliyolalia yalitolewa katika nyumba za watu, na mama mmoja mzee alilala juu ya mkeka sakafuni siku zote kumi na mbili, huku kifua chamsumbua. Tena darasa tulilopaka rangi lilikuwa likitumika. Watoto walikaa nje chini ya mwembe wiki nzima ili sisi tupate kazi ya kufanya, na mvua iliponyesha waliambiwa warudi kwao. Hakuna mtu aliyetuambia, kwa sababu mgeni haambiwi. Wenyewe walituonea haya kutuambia, nasi hatukuwa na akili ya kuuliza.

Mwenzetu alipotusimulia, tulinyamaza. Mmoja wetu akauliza, “Na yule mama?” Akajibiwa kwamba yu mzima, tena alitusalimu mmoja mmoja kwa majina. Yeye aliyashika majina yetu kumi na manne. Sisi la kwake hatukulijua. Tulikuwa tukimwita Bibi.

Kitu kimoja tulichoambiwa kuwa kimebaki kilitushangaza. Katika kundi letu alikuwapo fundi wa mabomba, mtu asiyependa kusema mbele za watu. Jioni sisi tulipohubiri, yeye alikuwa kisimani na kijana mmoja wa pale, wakiifungua pampu ya mkono na kuifunga tena, mara tatu, mara nne, mpaka kijana akaweza kubadilisha mpira wake bila ya kuangaliwa. Katika taarifa yetu fundi huyu hakutajwa. Pampu ile ilipoharibika, kijana aliitengeneza.

Tukikumbuka hayo, twaelewa kwa nini Mtume Paulo alipofika Thesalonike, ingawa Kitabu cha Matendo chataja sabato tatu tu za kusema katika sinagogi kabla ya kuondoshwa usiku, kanisa lilibaki. Alifanya kazi kwa mikono yake ili asiwalemee, na mwenyeji wake, Yasoni, alitajwa kwa jina mpaka leo. Yasoni ndiye aliyeburutwa mbele ya wakubwa wa mji na kutozwa dhamana. Mgeni aliondoka, mwenyeji akalipa. Hilo nalo ni la kufikiriwa na kila anayefunga begi lake.

Basi kijana aliyetuuliza swali, twakuambia hivi. Kabla hujakwenda, uliza godoro utakalolalia ni la nani. Jifunze maneno ya watu hao japo hamsini. Mtafute yule atakayebaki ukiondoka, nawe ujiweke chini yake. Na kama huko hakuna mtu ye yote aliyekuita, wala wa kuiendeleza kazi, sisi kwa maoni yetu ni heri nauli hiyo uitume posta, nawe ubaki Tudor. Wako wazee wengi hapa hapa ambao hawajatembelewa. Twajua wengine hawatalipenda neno hili. Wana haki yao.

Imebaki habari moja, nayo ndiyo tuliyotaka kuwasimulia tangu mwanzo, ila ilihitaji hizi nyingine zitangulie.

Mmesikia kwamba Rebmann alibaki Rabai. Alibaki miaka ishirini na tisa. Tangu 1846 mpaka 1875 hakurudi kwao hata mara moja. Yeye ndiye mtu wa Ulaya wa kwanza kuandika habari za Kilimanjaro na theluji yake, mwaka 1848, na wataalamu wengine wa London wakamcheka. Alizika mtoto wake, na mwaka 1866 akamzika mkewe, Emma. Alikaa na mtu mmoja wa Nyasa, Salimini, aliyekuwa ameletwa Mombasa utumwani, akajifunza kwake lugha ya kwao na kuandika kamusi nzima ya lugha ile, naye nchi yenyewe hakupata kuiona. Waliobatizwa walikuwa wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole. Mwishowe macho yake yakaanza kufa. Mwaka 1873, Sir Bartle Frere alipokuja Pwani kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta mzee huyu karibu kipofu kabisa.

Mwaka 1874 na 1875 kazi mpya ilianza Frere Town kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Wakaja wamisionari wapya wenye nguvu, na Rebmann akaonekana kama mtu wa zamani. Ilikuwa lazima arudishwe kwao. Lakini kipofu atasafirije peke yake, kutoka Rabai mpaka Ujerumani?

Katika familia za kwanza za Wakristo wa Rabai alikuwapo mzee Abe Gunja. Mwanawe, Isaac Nyondo, ndiye aliyetoka kwenda naye. Fikirini safari hiyo, wapenzi wasikilizaji. Mtu wa Rabai anamshika mkono mzee Mzungu asiyeona, wanashuka kilima pole pole, huyu akimwambia yule mawe yaliko. Wanangoja maji yajae. Wanapanda mashua. Wanapita kati ya mikoko hii hii ya Tudor, na Rebmann hayaoni maji aliyoyavuka miaka ishirini na tisa iliyopita akiwa kijana wa miaka ishirini na sita. Labda aliisikia harufu ya tope. Kutoka Mombasa wakaingia safari ya bahari, mpaka Ulaya, penye baridi na watu wa kumkodolea macho Isaac Nyondo barabarani.

Habari za safari za utume zikisimuliwa, huwa wenye kutumwa ni Wazungu na wenye kupokea ni sisi. Lakini mwaka 1875 mtu wa kwetu alivuka bahari kwa ajili ya huduma, akakaa muda, akarudi. Wala hatukuona mahali palipoandikwa kwamba alihubiri huko. Kazi yake ilikuwa mkono mmoja wa kumshika mtu asianguke, kumkatia chakula, kumwambia nani ameingia chumbani.

Rebmann alifikishwa Korntal, mji mdogo karibu na Stuttgart, ambako Krapf alikuwa akikaa. Wale wazee wawili, waliopanda pamoja kilima cha Rabai mwaka 1846, wakawa mji mmoja tena, mmoja akiona na mwingine haoni. Tarehe 4 Oktoba 1876 Rebmann alifariki. Krapf alimfuata mwaka 1881, na makaburi yao yako kule.

Isaac Nyondo alirudi kwao Rabai, akaendelea na kazi ya kanisa miongoni mwa watu wake. Kurudi kwake nako kulikuwa kwa maji haya haya, mashua ikisubiri yajae.